Jiwe Lililonyamaza

Kila asubuhi, kabla filimbi ya reli haijalia mara ya pili, Umba alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, nyuma ya nyumba yao katika kambi ya reli ya Kamina. Alimwaga juu yake ulezi kidogo, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akasukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta, mpaka punje zile nyekundu zikawa unga. Ulikuwa unga wa uji wa mdogo wake, Kitwa.

Huo ulikuwa mwaka 1952, na Umba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alitengeneza njia ya reli upande wa Kaniama, akirudi nyumbani mara moja tu kwa mwezi. Mama yake, Dorothée, alikuwa mja mzito, ndiyo maana Kitwa aliachishwa ziwa mapema. Alfajiri mama alikwenda shambani. Aliporudi jua lilikuwa juu, na Umba alikwenda darasa la mchana kwa masista. Ulezi ulitoka kwa Nkambo Ngoie, mama wa baba. Aliulima kijijini, akauleta mwenyewe kichwani.

Kila alfajiri mama alisema neno lile lile: "Umba, mutoto asikose uji wake wa ulezi."

"Ndiyo, Mama."

Lakini jiwe lilikuwa na kelele, na nyumba za kambi zilisongamana. Valérie, msichana wa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ua wa matete.

"Haya, jiwe linalia tena! Weye unakulaka chakula cha ndege? Sisi huku njo unga mweupe!"

Wasichana wengine wakacheka. Umba akaona haya, tena magoti yalimuuma.

Siku moja Valérie alikuja na bakuli la unga wa muhogo, mweupe kama chaki. "Mama anatafuta ulezi wa pombe. Nipe punje zako, minyi nikupe huu. Uji utaiva mara moja, twende kucheza kamba."

"Na Mama akijua?"

"Nani atamwambia? Kitwa? Hata 'maji' hajui kusema!"

Umba naye akacheka. Akatoa ulezi. Kitwa alikunywa uji mweupe, tumbo likajaa, akalala. Kesho yake wakabadilishana tena, na keshokutwa pia. Jiwe likanyamaza. Umba aliosha bakuli vizuri kabla mama hajarudi, na mama alipouliza, alijibu, "Amekunywa, Mama." Si amekunywa kweli? Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Miezi miwili ikapita.

Asubuhi moja Kitwa hakuinuka mkekani. Alikaa akitazama chini, hataki mpira wake wa matambara, hataki kubebwa. Miguu yake ilikuwa minene, na Umba alifurahi kidogo, akidhani amenenepa. Akamgusa mguu kwa kidole. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki pale pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi.

Umba akakimbilia jiwe, akasaga ulezi, akapika, akapuliza, akaleta kijiko mdomoni. Kitwa aligeuza uso. Akajaribu tena. Uji ukatiririka kidevuni.

Tangu siku hiyo hofu ilikaa naye. Alihesabu pumzi za mdogo wake. Nywele za Kitwa zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Jioni mama alishika rozari, na Umba alishindwa kumaliza hata Salamu Maria moja, kwa sababu kila alipofumba macho aliona lile bakuli jeupe.

Majirani nao wakaanza kunong'ona. "Mama Umba, fungua macho. Tangu mkwe wako alete ulezi wake ule, mutoto iko mubaya. Kuna kitu ndani."

Umba alisikia yote kutoka jikoni. Ulezi ule? Kitwa hakuuonja miezi miwili! Akafungua kinywa kusema. Akakumbuka mwiko wa kusongea bukari, ule ugali wao, unavyouma ukipigwa nao. Akakifunga.

Jumamosi Nkambo Ngoie alifika kutoka kijijini, vumbi hadi magotini, kikapu kipya cha ulezi kichwani. Mama alisimama mlangoni, hakumpokea mzigo.

"Rudisha kikapu chako, Mama. Mtoto wangu hatakula tena kitu kilichotoka mkononi mwako."

Bibi alishusha kikapu polepole. "Nimefanya nini, mwanangu?"

Mama alimfunga Kitwa mgongoni, akashika njia ya zahanati ya misheni. Umba alifuata na blanketi. Alipogeuka alimwona Nkambo akija nyuma yao, mbali, kama mtu aliyefukuzwa ambaye hana pengine pa kwenda.

Muuguzi aliitwa Lucien. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alibonyeza mguu wa Kitwa, akalitazama lile shimo kwa muda mrefu.

"Mama, mtoto anakula nini?"

"Jioni anaonja bukari kidogo. Asubuhi uji wa ulezi, kila siku."

"Kila siku?" Lucien akakuna kichwa. "Basi hapa sielewi. Mtoto wa ulezi havimbi hivi. Labda ni minyoo. Nitampa dawa. Ni kali kwa mtoto dhaifu namna hii, lakini sina njia nyingine."

Akafungua chupa ya kahawia, akajaza kijiko. Umba alitazama kijiko kikishuka. Akisema, mama atamchapa mbele ya watu. Asiposema... Kijiko kikagusa midomo ya Kitwa.

"Hapana!" Umba akaushika mkono wa muuguzi, dawa ikamwagika chini. "Njo minyi! Hakula ulezi! Nilibadilisha kwa muhogo, sikutaka kusaga! Siyo Nkambo, siyo minyoo, njo minyi!"

Mama akainua mkono.

"Ngoja, Mama," akasema Lucien. "Muache amalize."

Umba akaeleza yote, akilia. Lucien akafunga chupa, akairudisha mbali juu ya kabati.

"Umesema kwa wakati, mtoto. Dawa hii ingeweza kummaliza. Ugonjwa wake ni njaa. Muhogo mtupu unajaza tumbo, haujengi mwili. Ulezi una cha kujenga damu na mifupa. Mpikieni uji wake, utieni karanga zilizotwangwa na unga wa samaki mkavu anayetoka Kinkondja. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku."

"Atapona?" mama akauliza.

"Tusali, na tumlishe."

Zilikuwa siku ndefu. Umba alisaga asubuhi, akasaga mchana, akanywesha kijiko baada ya kijiko. Siku ya tano Kitwa alimeza bila kutapika. Siku ya tisa alikishika kijiko mwenyewe, akakipiga kwenye bakuli, uji ukamrukia Umba usoni. Kitwa akacheka. Mama alikaa chini pale pale, akalia.

Kisha alikwenda kupiga magoti mbele ya mkwe wake. "Nisamehe, Mama. Nilisikiliza midomo ya watu." Nkambo Ngoie alimwinua. "Wafwako, Vidye," akasema, akimshukuru Mungu kwa Kiluba.

Umba alisubiri mwiko. Badala yake bibi alimkalisha karibu na jiwe.

"Mjukuu, ulitaka kupunguza kazi ya mikono yako. Kazi haikupungua. Ilimwangukia mtoto asiyeweza kuibeba, nami ikanipa jina la mchawi. Kazi uliyoaminiwa, ifanye hata kama hakuna anayekutazama. Na ukikosa, sema siku ile ile. Kweli inauma mara moja. Uongo unakula kila siku."

"Ndiyo, Nkambo."

Kesho yake filimbi ya reli ilipolia, Umba alikuwa amekwisha piga magoti. Valérie akachungulia juu ya ua.

"He! Jiwe linalia tena!"

"Acha lilie," Umba akajibu, bila kuinua kichwa. "Likinyamaza, Kitwa njo analia."