Baba Anasifu Nini?

Kila jioni baba alirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kichwani. Alinawa, akaketi, akauliza kama chakula kiko tayari. Basi. Alikuwa seremala, na maneno aliyapima kama mbao za bei ghali.

Wiki moja mambo yakabadilika. Binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani walimwita Maswali, alimwonyesha daftari.

"Safi sana!" baba alisema. "Una akili sana wewe!"

Kesho yake tena: "Hodari! Hakuna kama wewe!"

Maswali akaingiwa na wasiwasi. Mara ya mwisho baba kumsifu hivyo, alikuwa anampeleka kung'olewa jino.

"Mama, baba anataka nini?"

Mama alikuwa anakunja nguo. "Hata mimi sijui, mwanangu. Jana kasifu hata maji ya kuoga. Ana lake jambo."

Maswali hakucheka. Insha zilikuwa zinamtesa. Alishafeli mara mbili, na mwalimu wa darasa alisema wazi: akifeli ya mwisho wa muhula, atarudia darasa. Kama insha zake ni safi, mbona anapata kumi kwa arobaini? Kuna mtu anamdanganya.

Akaamua kumtega baba. Aliandika ukurasa mzima sentensi moja: Mbuzi wetu ana miguu saba.

Baba akapitisha macho. "Safi sana! Una akili!"

"Umesoma, baba?"

"Nimesoma, ndiyo."

"Mbuzi ana miguu mingapi?"

"Minne. Kwani hujui?"

Maswali akalitupa daftari mezani. "Soma basi!" Machozi yakamtoka. "Unanisifu bure. Nitarudia darasa, na wewe unachekelea tu!"

Baba akasoma. Aibu ikamshika. Akamchukua binti yake hadi nyumba ya pili, kwa jirani yao, mwalimu mwingine wa shule yake.

"Mwalimu, kwenye mkutano wa wazazi mlituambia tuwasifu watoto. Nimesifu mpaka sauti imekauka. Sasa mtoto ananiona tapeli!"

Mwalimu alicheka kwanza. "Fundi, mtu unayemfundisha kazi akikuletea kiti, unamwambia ana akili?"

"Ili mteja aanguke? Nakikalia kwanza. Namwambia, miguu ya mbele umeipima vizuri, imekaa sawa. Huu wa nyuma mrefu. Upunguze, kisha uniletee tena."

"Na insha ya mwanao, uliipima hivyo?"

Baba akamtazama binti yake, akatikisa kichwa.

"Taja kitu alichofanya vizuri," alisema mwalimu. "Kisha mwonyeshe kimoja cha kurekebisha, siyo makosa yote kwa mpigo. Halafu ajaribu tena. Na usimdanganye. Watoto wanajua."

"Tunajua sana," alisema Maswali, bado amenuna.

Nyumbani, baba alisoma insha ya kweli polepole, kidole juu ya mstari.

"Hapa mvua imepiga bati mpaka hamsikilizani. Nimeisikia mvua yenyewe. Lakini njia imejaa maji, na hapa tayari mko sokoni. Mlipitaje kwenye yale maji?"

Maswali akamkagua usoni. Lile tabasamu la kila siku halikuwepo. Baba alikuwa amekunja uso, anasubiri jibu.

"Tuliruka ukuta wa jirani."

"Basi andika hilo."

Wakaendelea hivyo jioni baada ya jioni. Siku nyingine walibishana, na Maswali akaandika upya huku ananung'unika.

Mwisho wa muhula alipata ishirini na saba kwa arobaini. Hakurudia darasa. Alikimbia moja kwa moja hadi karakana na insha yake mkononi. Lakini maoni ya mwalimu wa darasa, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya pembeni, aliyaficha mfukoni.

Baba aliweka randa chini, akasoma yote.

"Umeanza na mlango unagongwa, na hukutuambia ni nani. Hapo umenishika."

"Na kasoro?"

"Mwisho umeharakisha. Nilitaka kujua yule mgeni alijibu nini."

Maswali akatoa ile karatasi mfukoni. Mwalimu alikuwa ameandika: Mwanzo unavutia. Mwisho umeharakishwa.

Baba akaisoma mara mbili. "Kumbe ulikuwa unanitega tena?"

"Ndiyo, baba," alisema Maswali. "Umefaulu."