Ncha Iliyobaki Ndani ya Tairi

Kila Jumamosi Ndila alifagia mbele ya kibanda cha baba yake sokoni Matinyani, akajaza maji karai la kutafutia pancha, kisha akapanga viraka na msasa. Baba yake, Fundi Ndolo, alikuwa na kazi mbili: kutengeneza baiskeli na kulaumu wakubwa. Tangu mkewe afie njiani akipelekwa hospitali kwa barabara mbovu, kila pancha ilikuwa kosa la diwani.

"Barabara inaota miiba, yeye anaota kitambi!" alizoea kusema.

Asubuhi hiyo Ndolo alikuwa ameenda kununua spoki. Hassan, muuguzi wa zahanati, akafika akikokota baiskeli, kasha la chanjo ya surua limefungwa nyuma.

"Fundi mdogo, fanya upesi! Akina mama wananingoja ng'ambo ya mto. Barafu ikiyeyuka, chanjo imeharibika."

"Dakika kumi tu, Daktari," Ndila akajibu bila wasiwasi. Aling'oa mwiba, akatoa tyubu, akabandika kiraka, akapiga pampu. Hassan akaenda zake.

Ndila alipookota ule mwiba ili asiukanyage mtu, akashtuka. Haukuwa na ncha! Naye hakuwa amepitisha kitambaa ndani ya tairi kunasa mabaki ya miiba, kama baba alivyomfundisha kufanya.

"Nyamaza tu," alisema Kasyoka, rafiki yake aliyeuza njugu hapo kando. "Sema ni barabara. Hata baba yako atakuunga mkono."

"Barabara haikusahau kitambaa. Ni mimi."

Akabeba vifaa, akakatiza mashambani mbio. Alimkuta Hassan kwenye mchanga wa mto mkavu, gurudumu limeishiwa upepo.

"Barabara hii itaniua!" Hassan alifoka.

"Si barabara, Daktari. Ni mimi. Sikupangusa tairi ndani."

Hassan alimkazia macho. "Haya, maliza ulichoanza."

Ndila akapitisha kitambaa polepole ndani ya tairi. Kikanasa. Akaichomoa ncha kwa koleo, akapaka gundi kwenye tyubu, akaiacha ikauke vizuri ndipo akabandika kiraka na kupiga pampu. Hassan akafungua kasha: barafu bado ilikuwepo.

"Chanjo iko salama, fundi!" akasema, akapanda.

Jioni Ndolo alisikiliza habari yote huku akiugeuzageuza ule mwiba butu.

"Diwani sijamsamehe," alisema hatimaye. "Lakini wakubwa wangalisema 'ni mimi' kama wewe, barabara ingalitengenezwa zamani. Mwanangu, kosa la mkono wako litaje mapema, wakati bado linarekebishika."

Kisha akapigilia msumari ukutani juu ya karai, akatundika kile kitambaa, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hangeweza kukisahau.