Mashavu ya Warigia

—Warigia, hiyo mimba ni ya nani?

Cherehani ikanyamaza. Warigia aliinua uso, ule uso uliokuwa umeviringana tangu Krismasi, akamtazama mchumba wake aliyesimama mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji pale Mugutha.

—Mimba gani, Muriithi?

—Usinifanye mjinga. Mashavu yamefura, tumbo limetoka, kula huachi. Na si tuliahidiana kungoja harusi?

—Haki sina mimba.

—Basi una nini?

Warigia akarudisha macho kwenye cherehani.

—Nimenenepa tu. Nipe muda, nitapungua.

Muriithi akarudi Thika jibu hilo likimwasha kama upupu. Dukani kwake Kiganjo, anakouza spea za pikipiki, mteja aliitisha mnyororo akapewa plagi. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Siku chache baadaye ujumbe ukaingia: "Najaribu kupungua. Tafadhali usiniache."

Hakujibu. Alikuwa bado anauangalia kesho yake wakati Dianah, dadake Warigia, alipopiga.

—Shem, Warigia anatapika tangu asubuhi. Hata kusimama hawezi, tunampeleka hospitali Ruiru!

—Anatapika? Muriithi akacheka kwa uchungu. —Si umpigie baba ya mtoto.

—Mtoto gani? Shem, hiyo ni dawa! Ana lupus, kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Dawa ndizo zimemfurisha uso, na ameziacha zote ati kwa sababu wewe umemwona mbaya!

Muriithi aliruka kwa pikipiki yake, duka likiwa wazi. Alipofika hospitalini Ruiru, Warigia alikuwa kitandani amelegea, midomo imekauka, maji ya dripu yakimwingia mkononi.

—Alikuwa anameza dawa gani? daktari aliuliza.

Muriithi akamgeukia Dianah. Mwanamke anayetaka kumuoa, na hata hilo hakulijua. Dianah ndiye aliyetoa pakiti mkobani.

—Prednisolone, daktari akasoma. —Muda gani?

—Tangu mwaka jana. Aliziacha wiki jana, mara moja.

—Hapo ndipo hatari ilipo. Ukizitumia muda mrefu, mwili unasahau kujitengenezea homoni yake. Ukikata ghafla, presha inashuka, unaanguka. Unaweza kufa. Tunazipunguza pole pole, na ni sisi tunaopanga.

Walimdunga sindano ya kurudisha homoni ile. Jioni, Warigia akafumbua macho.

—Mbona hukuniambia? Muriithi akanong'ona.

—Ningesema saa ngapi? Ulikuja ukiwa na jibu lako tayari.

—Ukweli. Nisamehe, Warigia. Nilikuvunjia heshima, na karibu nikuzike.

—Nami nilikosa. Niliogopa ukisikia ugonjwa utatoroka. Akamshika mkono. —Lakini sikia. Dawa nitarudia. Uso unaweza kukaa hivi, hata uzidi. Kama unamtaka yule msichana wa picha za zamani, nenda saa hii.

—Siendi popote.

—Usijibu haraka. Njoo kliniki kwanza, usikie yote.

Akaenda. Akasikia yote: presha, sukari, mifupa inayoweza kudhoofika, kinga ya mwili inayopungua. Usiku huo hakulala. Lakini alikuwa amesikia pia kwamba bila dawa hizo figo za Warigia zingekuwa zimeharibika. Kliniki iliyofuata alifika kabla yake. Daktari akaanza kupunguza dozi kidogo kidogo, na wachumba walipoahirisha harusi hadi apate nafuu, Muriithi ndiye aliyewaeleza wazazi wa pande zote mbili, bila kuficha kosa lake.

Walifunga ndoa Agosti, kanisani Witeithie. Warigia alijishonea gauni mwenyewe. Nje ya kanisa, mpiga picha akaishusha kamera.

—Bibi harusi, geuka kidogo upande, hayo mashavu yapungue.

Muriithi akapiga hatua mbele, damu imechemka. Warigia akamvuta mkono, akamrudisha kando yake.

—Wacha, mzee wangu. Akageuza uso wote kwenye kamera, akatabasamu mpaka macho yakawa mistari miwili. —Wewe piga. Huyu ndiye ameolewa.