Aliyeambiwa Asubiri

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho ya baba yake, Mwanaima alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuteka maji kisimani na kufunga vipande viwili vya muhogo wa kuchoma katika jani la mgomba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la nne. Katika shule yao ya makuti, karibu na Lionja, wasichana walikuwa wachache, ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili.

Njia ya shuleni ilipita mahali ambapo watoto walipaita Vyumani. Miaka michache nyuma, wazungu wa karanga walikuja Nachingwea na makatapila makubwa, wakaangusha pori zima ili walime. Karanga hazikukubali. Wengi wao wakaondoka, na mahali pale wakaacha matrekta yaliyokufa, minyororo minene kama paja la mtu, na matangi ya mafuta yaliyolala ubavu na kula kutu. Upepo ukivuma, vyuma vile vilipiga mluzi. Watoto walisema kwamba watu waliokufa katika kazi ile bado waliita wenzao pale. "Ukisikia jina lako Vyumani," walionyana, "usiitike." Hata Mwanaima, ambaye hakuwa mwoga, alipita pale mbio.

Mwaka huo wa 1953, mwezi wa pili, watoto wawili wa darasa la kwanza waliacha shule. Wakubwa walikuwa wakiwapokonya chakula na kuwabandika majina mabaya. Mwalimu Eustakio, kijana mrefu mpole aliyetoka upande wa Nambilanje, aligonga kipande cha reli kilichokuwa kengele yao, akawakusanya wote uwanjani.

"Mtoto anayekimbia shule kwa kuwaogopa wenzake, ni sisi tuliomfukuza," alisema. "Kuanzia leo kila mwanafunzi wa darasa la nne atakuwa na mdogo wake wa darasa la kwanza. Atampitia nyumbani, atatembea naye, atakula naye, na atamrudisha kwao. Tutawaita Ndugu wa Njia. Na kila Alhamisi kila mkubwa atasimama aseme jambo moja alilojifunza juu ya mdogo wake."

Akaanza kusoma majina. Mwanaima aliomba kimoyomoyo asipewe Sabaha. Akapewa Sabaha.

Sabaha alikuwa msichana wa miaka saba, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Alikuwa ametoka Chinongwe, akaletwa kuishi na Bibi Mwamina, mama wa marehemu baba yake. Baba huyo aliangukiwa na mti katika kazi ya kufyeka pori la karanga, na tangu siku ile, miaka miwili sasa, mtoto hakutamka neno hata moja. Shuleni walisema kuwa baba yake alikufa na ulimi wa mtoto. Walisema pia kuwa atakayetembea naye atasikia mti ukivunjika nyuma ya kisogo chake.

Mwanaima alimpitia kila asubuhi kama alivyoagizwa. Lakini alitangulia hatua kumi mbele, na wakati wa kula alimpa mgongo. Ilipofika Alhamisi hakuwa amejifunza lolote. Wenzake walisimama mmoja mmoja: huyu mdogo wake alijua kutega kanga, yule aliogopa vyura. Zamu yake ilipofika, Mwanaima alisema jambo la kwanza lililomjia kichwani.

"Sabaha anapenda sana mabungo, Mwalimu."

"Vizuri sana, Mwanaima!" alisema Mwalimu Eustakio kwa furaha. "Asiyesema naye anahitaji mtu wa kumsemea."

Sabaha aliinua uso akamtazama. Macho yale hayakuwa na hasira. Yalimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyevaa nguo yake bila ruhusa. Mwanaima akaketi haraka. Lakini jioni akitwanga, na alfajiri akiamka, aliyaona macho yale. Alhamisi iliyofuata akatunga jingine, kwamba Sabaha ana kuku mweupe anayelala naye chumbani. Watoto wakacheka, Mwalimu akasifu, na macho yale yakamtazama tena. Usiku huo Mwanaima hakulala vizuri. Ni rahisi kumsingizia mtu asiyeweza kukukanusha. Kazi ni kuishi naye baadaye.

Wiki ya tatu, walipotoka shuleni, rafiki yake Sikuzani, ambaye mdogo wake hakuja shule siku hiyo, alimshika mkono.

"We Mwanaima, siku hizi una mkia! Mabungo yameiva kule ng'ambo ya shamba la ufuta. Utakuja, au utakaa na bubu wako?"

Walikuwa wamefika Vyumani. Mwanaima alitazama mbele, akatazama nyuma. Kisha akainama kwa Sabaha.

"Nisubiri hapa. Usiondoke. Nitarudi sasa hivi."

Uso wa mtoto ukabadilika. Akalikamata gauni la Mwanaima kwa mikono miwili, akaling'ang'ania, akitikisa kichwa.

"Niache bwana! Nimesema nitarudi!" Mwanaima akavibandua vile vidole kimoja kimoja, akakimbia.

Mabungo yalikuwa mengi na matamu. Walikuwa bado juu ya mti wingu lilipofunga upande wa Ruangwa, na matone ya kwanza yakaanguka mazito kama kokoto. Wakashuka wakicheka, wakashika njia ya mkato hadi nyumbani. "Sabaha atakuwa amekwenda kwao," Mwanaima alijiambia. "Ana miguu." Alijiambia hivyo mara tatu njiani.

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na jua halijatua, Bibi Mwamina alipoingia uwanjani kwao. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, na maji yalimchuruzika hadi miguuni.

"Shikamoo, Bibi," Mwanaima alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata mjukuu wangu." Bibi Mwamina alizoea Kimwera zaidi, na Kiswahili chake kilikuja polepole, neno moja moja. "Yuko ndani?"

Baba yake Mwanaima, Mzee Isihaka, alitoka mlangoni. "Mwanaima! Sabaha yuko wapi?"

"Nilimwacha kwenye njia panda, Baba. Alikuwa anakwenda kwao."

Uongo ule ulitoka laini kama mingine. Mzee Isihaka akaita majirani, wakashika njia ya kuelekea njia panda, na wengine wakazungumza juu ya mto ambao sasa ulikuwa umejaa. Mwanaima akabaki mlangoni. Mvua ilipiga makuti. Akahisi kitu kinavuta gauni lake. Akageuka, hapakuwa na mtu. Akajishika pale pale, na ilikuwa kama vidole vile bado vipo, na yeye bado anavibandua, kimoja, kingine, kingine.

Akatoka mbio kwenye matope.

"Baba! Baba, nimesema uongo! Nilimwacha Vyumani!"

Watu wote walisimama. Mwanaima alingoja kofi. Mzee Isihaka alimtazama tu, na kutazamwa kule kuliuma kuliko kofi.

"Tangulia," alisema. "Utuonyeshe."

Vyumani palikuwa na giza la mawingu. Mvua ilipiga kila chuma kwa sauti yake, kingine kikilia nyembamba, kingine kikinguruma, hata mtu angedhani makatapila yamefufuka. Mwanaima alikuwa ameonywa asiitike jina pale. Sasa ilimpasa aite.

"Sabaha! Sabahaaa!"

Vyuma vilimrudishia sauti yake mwenyewe, imevunjika vipande. Akaita tena. Watu walitafuta chini ya matrekta na ndani ya mitaro. Ni Mwanaima aliyeona ukindu wa kikapu cha Sabaha ukining'inia kwenye mdomo wa tangi moja kuukuu. Tundu lake lilikuwa dogo, na kingo zake zilikuwa kali kama panga. Hakuna mtu mzima ambaye angepita.

"Nitaingia mimi," Mwanaima alisema.

Ndani palinuka kutu na mafuta ya zamani. Sabaha alikuwa amejikunyata mwisho kabisa, viganja masikioni, macho ameyafumba. Mwili wake ulitetemeka na ulikuwa na moto wa homa. Hapo ndipo Mwanaima aliposikia alichokuwa akikisikia mtoto yule tangu mchana. Mvua juu ya chuma, ukiisikia kutoka ndani, haikuwa mvua. Ilikuwa pori linalopasuka, mti baada ya mti, juu ya kichwa chako.

Akamshika mkono ili amvute. Sabaha akajikaza akawa kama jiwe.

"Usimburure!" Bibi Mwamina aliita kutoka nje. "Kaa naye kwanza, mwanangu. Kaa naye tu."

Mwanaima akakaa. Uongo wote aliokuwa nao ulikuwa umekwisha. "Nimerudi," alisema hatimaye. "Nilichelewa, lakini nimerudi. Niko hapa." Alilirudia hilo mara nyingi, mpaka mvua ilipopungua, na vidole baridi vikakishika kidole chake kimoja. Ndipo wakatoka pamoja, taratibu, mdogo mbele.

Nyumbani kwa Bibi Mwamina walimvua Sabaha nguo zilizolowa, wakamfunika kaniki na kumlaza karibu na moto. Alipolala, bibi alimwita Mwanaima.

"Abee, Bibi."

"Ulipomwacha pale, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anisubiri. Nilimwambia nitarudi sasa hivi."

Bibi Mwamina alichokoa moto. "Siku ile alimpelekea baba yake chakula kazini," alisema. "Baba yake akamwambia, 'Nisubiri hapa, mama, nitarudi sasa hivi.' Akaenda. Mti ukaanguka. Mtoto alisubiri mpaka jioni, kwa kuwa aliambiwa asubiri. Katika nyumba hii hakuna anayemwambia neno hilo. Hukujua. Lakini hukujua kwa kuwa hukuuliza."

Mwanaima alilia mpaka kifua kikamuuma. Bibi hakumkemea wala hakumbembeleza. Alimwacha alie.

Homa ilimshika Sabaha siku tatu. Kila siku Mwanaima alikuja, akaleta uji, akakaa kando ya kitanda cha kamba. Alhamisi ilipofika, Mwalimu Eustakio alipouliza habari za Ndugu wa Njia, Mwanaima alisimama kabla ya kuitwa.

"Mwalimu, Sabaha hana kuku mweupe. Wala sijui kama anapenda mabungo. Nilitunga yote. Na yeye yuko kitandani kwa sababu nilimwacha kwenye mvua, nikaenda kula matunda."

Sikuzani, aliyekuwa amekaa nyuma, akainuka naye huku ameinamisha kichwa. "Ni mimi niliyemwita, Mwalimu. Nilimwita Sabaha bubu."

Mwalimu Eustakio aliweka chaki mezani. Hakuchukua fimbo.

"Na mimi nina kosa langu," alisema, na watoto wakashangaa, kwa maana hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. "Niliwaomba mniletee maneno, nanyi mkaniletea maneno. Nilisifu hadithi nzuri, sikwenda kuangalia miguu yenu njiani. Sasa Alhamisi hatutasimama kusema tena. Mimi mwenyewe nitatembea na kila jozi kwa zamu yake, na nitatembelea nyumba zenu. Mwanaima, ukitaka nikupe mtoto mwingine, sema."

"Sitaki mwingine, Mwalimu. Namtaka Sabaha, kama yeye atanitaka."

Sabaha alirudi shuleni wiki iliyofuata. Siku za kwanza hakumsogelea Mwanaima. Sasa ni yeye aliyetaka kubaki hatua kumi nyuma, na Mwanaima hakumlaumu. Alipunguza mwendo tu. Wakifika Vyumani hakukimbia tena, na upepo ulipopiga mluzi alisimama kando yake mpaka upite. Hatua kumi zikawa tano, tano zikawa mbili. Sikuzani naye alianza kutembea nao pamoja na mdogo wake. Mazungumzo ya ulimi uliochukuliwa na marehemu yalififia, kwa kuwa hayakupata tena wa kuyasikiliza. Hata hivyo, mvua ikinyesha mchana, Mwanaima bado alihisi vidole kwenye gauni lake. Alijifunza kutoviogopa. Vilimkumbusha kumrudia Sabaha.

Masika yalikwisha, ufuta ukavunwa. Asubuhi moja mama yake Mwanaima aliamka mgonjwa, na msichana akabaki kuwapikia wadogo zake uji na kuwasha moto. Alipotoka, jua lilikuwa limepanda sana. Alikimbia njia nzima. Bibi Mwamina alikuwa uwanjani akipepeta mtama, na Sabaha amesimama mlangoni na kikapu chake mkononi.

"Umechelewa," alisema Sabaha.

Sauti ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Ungo ulimtoka bibi mikononi, mtama ukamwagika wote, na kuku wakauvamia. Hakuna aliyewafukuza.

"Ndiyo," Mwanaima alisema, machozi yakimlenga. "Mama anaumwa. Nisamehe."

Sabaha akashuka kizingiti, akatangulia njiani.

Bibi Mwamina alimshika Mwanaima bega. "Sikiliza, mwanangu, na wenzako uwaambie. Wema si kumsemea mtu mbele ya watu. Wala si kumhurumia. Ukimwambia mtu utakuja, njoo. Ukichelewa, njoo. Ukikosa, njoo uungame. Mtoto aliyevunjwa na kungoja haponi kwa dawa. Anapona kwa mtu anayerudi, leo na kesho na keshokutwa. Haya, mkimbilie, mwenzako anakwenda."

Mwanaima akamkimbilia. Kule mbele kipande cha reli kilikuwa kimekwisha kugongwa, na wote wawili walichelewa shule siku hiyo.