Siku ya Tatu Baada Yake

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza Jumanne asubuhi, na pasi ilikuwa baridi. Fundi cherehani na mkewe walikagua chumba chote cha kushonea, wakanusa majora na nyaya za ukutani, wasione kitu. Wifi mtu, dada wa fundi, aliyekuwa dirishani akishona vifungo, aliwacheka.

"Pua zenu zimewatangulia kuzeeka," alisema.

Adhuhuri cheko likamwisha. Mkono wake uliendelea kuchoma sindano, ila sindano haikuwa na uzi, na alichokichoma hakikuwa shati, kilikuwa paja lake mwenyewe.

"Wifi!" Mke wa fundi akamdaka mkono. "Wifi, una nini?"

"Wifi yako katoka," ikajibu sauti nzito ya kiume kinywani mwa yule dada. "Niliyemo ni mimi."

Kwa siku nne harufu ile iliwaandama hadi kwenye maji ya kunywa, vyerehani vikawa vinazunguka vyenyewe mchana kweupe bila mguu kwenye kanyagio, na yule dada, asiyekula wala kufumba macho, akawa anawataja wapita njia mmoja mmoja pamoja na siku watakayokufa, mpaka muuza mkaa aliyetajiwa Ijumaa akaanguka Ijumaa kweli, na watu wakaanza kuupita mlango ule wakiwa wameziba masikio.

Jumamosi akaletwa mganga, mwanamke mnene mwenye mafua.

"Msimuulize kitu," aliwaonya akipenga kamasi. "Jini akiulizwa anajiona mgeni wenu."

Alifukiza, akasoma, akamshika mgonjwa kichwa. Mgonjwa alipoanza kutetemeka, fundi uvumilivu ukamshinda. Akamwinamia dada yake.

"Na mimi je? Siku yangu lini?"

Midomo ya dada ikamgusa sikio. Kisha yakatoka mayowe, na ile harufu ikakatika ghafla. Dada akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Mke alisubiri mganga aondoke.

"Kakwambia nini?"

"Hakutaja siku."

"Sasa kasema nini, mume wangu?"

"Nitakufa siku ya tatu baada yako."

Tangu hapo fundi hakumwacha mkewe ashike mkasi. Chai yake aliionja yeye kwanza. Alimkataza kuvuka barabara, kupanda ngazi, kuwatembelea wagonjwa. Mke akikohoa vumbi la vitambaa, cherehani inasimama, na mkono wenye jasho unamgusa paji la uso.

"Unanilinda mimi," alimnong'oneza siku moja, "au unajilinda wewe?"

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Sijui tena," alisema, machozi yakimlenga. "Kabla sijauliza, nilikuwa najua."

Mke akamhurumia, akamkumbatia hapo hapo kati ya vipande vya nguo. Na yeye aliyempenda mwanamume huyu miaka kumi na tisa, akajikuta anaomba kimoyomoyo mumewe afe kwanza, afe hata leo, ili jini awe mwongo, na yeye aweze kutoka nje peke yake, akohoe, avuke barabara bila macho yale mgongoni.

Fundi akainua uso begani pake.

"Nani kacheka?" aliuliza.

Chumbani walikuwa wawili tu.