Jina Lililohamishwa kwa Mwezi Mmoja

Kila Novemba, wanawake wa nyumba ya Bwana Pyo walitengeneza pamoja kimchi ya majira ya baridi, kabichi inayochachushwa kwa chumvi na pilipili. Mama Yeonju alichuchumaa uani na glavu za mpira. Maji yalikuwa baridi mno, vidole vilikufa ganzi. Mke wa Bwana Pyo alipaka jani la kabichi pilipili, akamlisha mdomoni.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, dada. Lakini pilipili hii itaua mtu!"

Wakacheka. Bwana Pyo na mkewe ndio wenye nyumba, na walikaa ghorofa ya juu. Mama Yeonju alikaa ghorofa ya kati na mumewe, Gapsu, na binti yao, Yeonju. Katika chumba cha chini, kile ambacho dirisha lake limelingana na barabara, alikaa Mama Doshik. Huyo aliuza keki za samaki karibu na stesheni. Hakujua kusoma, na hakujua kumung'unya maneno.

Kwetu Incheon, hapa Korea Kusini, mpangaji wa namna yao halipi kodi ya mwezi. Anampa mwenye nyumba fungu moja kubwa la pesa, yaani amana. Anakaa miaka miwili au zaidi. Siku ya kuhama anarudishiwa yote. Amana ya Mama Yeonju ilikuwa won milioni thelathini na tano. Ilikuwa jasho la miaka kumi na moja, yeye kwenye cherehani na Gapsu kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Hawakuwa na kitu kingine duniani.

Mwezi uleule wa kabichi, mwaka 1997, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Ikabidi ikope kwa shirika la fedha la kimataifa. Watu wakauita msiba ule kwa jina la shirika hilo, Ai-Em-Efu, kana kwamba ni jina la homa. Kampuni zilianguka moja baada ya nyingine. Kabla mwaka haujakwisha, Gapsu akamwaga unga. Hata hivyo, nchi ilipoomba dhahabu kwa wananchi, alitoa pete ya Yeonju aliyovishwa alipotimiza mwaka mmoja. Alisema, "Tusaidiane. Tukisaidiana tutavuka."

Mwishoni mwa Januari, Bwana Pyo alibisha hodi. Mkononi alishika boksi la mapeasi.

"Mama Yeonju, naona haya hata kusema."

"Sema tu, baba. Wewe si mtu baki."

Bwana Pyo alikuwa na karakana ndogo ya vitasa vya milango. Wateja wake hawakumlipa, na mafundi sita walimngojea mshahara.

"Benki iko tayari kunikopesha kwa dhamana ya nyumba hii," alisema. "Lakini wanataka kwenye karatasi nyumba iwe haina wapangaji. Basi, naomba mhamishe majina yenu tu kwenye daftari la ofisi ya mtaa. Yaandikwe kwa dada yako kule Bucheon. Mwezi mmoja, kisha mnayarudisha. Nyinyi wenyewe hamwendi popote. Hata sufuria haitoki jikoni."

Gapsu alijikuna kichwa. Mgeni alipoondoka, alisema, "Tuulize kwanza, mama."

"Tumuulize nani? Mtu tunakula naye kimchi ya mtungi mmoja, twende tukaulize kama ni mwizi? Aibu gani hiyo! Nawe ulisema tusaidiane."

Gapsu akalichukua boksi la mapeasi, akaliweka jikoni. Mtu asiye na kazi hujiona hana haki ya kubisha.

Kesho yake Mama Yeonju alikwenda ofisi ya mtaa. Karani, Bi Maeng, aliitazama fomu.

"Mnahama kweli?"

"Tunahama," alidanganya. Akapiga kwenye karatasi muhuri wake mwenyewe wa jina, ambao kwetu ndio saini.

Alipokuwa akirudi, alimkuta Mama Doshik ngazini na ndoo yake ya mchuzi.

"Ehe! Na wewe amekujia? Mimi nimemwambia jina langu halina miguu."

"Mama Doshik, huna hata huruma? Mtu ana mafundi sita, ana watoto wanasoma."

"Huruma ninayo. Aje ale keki zangu bure mpaka avimbiwe. Jina simpi."

Mama Yeonju alimwona ana roho mbaya. Kwa siku kadhaa hakumsalimu.

Benki ilimkopesha Bwana Pyo hata hivyo, kwa kuwa amana ya Mama Doshik ilikuwa ndogo. Machi ilipofika, walirudisha majina yao kama walivyoahidiwa. Bwana Pyo aliwaletea nyama ya ng'ombe kwa shukrani. Mama Yeonju aliikaanga akiwa na moyo mweupe. Alimwambia mumewe, "Umeona? Hata nywele haijaanguka."

Lakini riba ilipanda mpaka watu wakashika vichwa. Mkopo wa Bwana Pyo ulimezwa mzima na karakana, na karakana yenyewe ikafungwa Septemba. Oktoba, karatasi ya mahakama ilibandikwa getini. Nyumba itapigwa mnada.

Mama Yeonju alikimbia ofisi ya mtaa na mkataba wake. Hata hakubadilisha viatu vya nyumbani.

"Dada Maeng, mimi nina mkataba! Una muhuri wenu wa tarehe, wa mwaka tisini na tano! Nimekaa pale miaka mitatu, sijalala nje hata siku moja!"

Bi Maeng alimvutia kiti. Alisoma daftari kwa muda, kisha akashusha pumzi.

"Mama Yeonju, sikiliza. Nyumba ikipigwa mnada, wanaodai wanapanga foleni. Wa mbele analipwa kwanza. Mpangaji anapata nafasi kwenye foleni kwa mambo matatu. Akae ndani ya nyumba. Jina lake liandikwe hapa kwetu kwamba anakaa pale. Na mkataba wake upigwe muhuri wa tarehe. Yote matatu ulikuwa nayo. Wewe ulikuwa mbele kabisa."

"Basi nilipwe!"

"Januari ulitoa jina. Siku uliyolitoa, ulitoka kwenye foleni. Benki ikaingia. Machi ukarudi, lakini mtu akitoka kwenye foleni harudi palepale alipokuwa. Anasimama nyuma. Na mbele yako sasa kuna benki."

"Lakini alisema mwezi mmoja tu..."

"Hata siku moja tu ingetosha, mama."

Mama Yeonju alishika meza. Alitaka kumtukana mtu, hakuona wa kumtukana. Muhuri kwenye ile fomu ulikuwa wake.

"Na mimi najuta," alisema Bi Maeng kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza mara moja tu. Ningekuuliza mara ya pili."

Mnada ulifanyika majira ya machipuko yaliyofuata. Bei ilikuwa ya kutupa. Mama Doshik alikuwa mbele ya foleni, akapata amana yake yote. Benki ikachukua iliyobaki, tena haikuitosha. Mama Yeonju hakupata hata won moja.

Siku ya kuhama, Bwana Pyo alipiga magoti mlangoni, paji la uso likagusa sakafu. Mkewe alisimama nyuma yake akilia. Mama Yeonju alikuwa amepanga maneno makali wiki nzima. Akamwinua yule mzee kwa mkono, kisha akajichukia kwa kumwinua.

Mama Doshik ndiye aliyewasaidia kubeba mtungi wa kimchi mpaka kwenye gari. Aliuweka chini, akajifuta jasho.

"Nilitamani siku ile nikutukane mpaka uache."

"Mbona hukunitukana?"

"Nilidhani unajua hatari yake, unanidharau tu. Wewe unasoma! Mimi siwezi kusoma hata jina la basi. Ndiyo maana kila karatasi nampelekea Bi Maeng, namwambia nisomee, na hii maana yake nini, na nikikubali itakuwaje. Ananichoka, lakini ananiambia."

Mama Yeonju aliusukuma mtungi ndani ya gari. Yeye alijua kusoma, na kwa kuwa alijua kusoma, aliona haya kuuliza.

Walikopa kwa dada yake wa Bucheon, wakapata chumba kimoja kwa Bibi Noh, mjane mwenye duka la mchele. Amana yake ilikuwa ndogo, haikufika hata robo ya ile ya zamani. Safari hii Mama Yeonju hakutia saini kwanza. Alikwenda kwenye ofisi ya hati akaangalia kama nyumba ina deni. Haikuwa na deni. Siku ileile ya kuhamia, masanduku yakiwa bado yamefungwa kamba, alikwenda ofisi ya mtaa. Aliandikisha majina, na mkataba ukapigwa muhuri wa tarehe. Gapsu alikuwa amepata kazi ya kupakia mizigo bandarini. Usiku walilala kwa kubanana, lakini walilala.

Hata mwaka haukuisha, Bibi Noh akaja na sahani ya keki za mchele.

"Mama Yeonju, nina jambo. Nataka kukopa nipanue duka. Benki wanasema... Ni kwa mwezi mmoja tu."

Gapsu aliacha kula, akamtazama mkewe.

"Samahani sana, mama," alisema Mama Yeonju. "Niombe jambo jingine lolote. Nitakushonea, nitakupikia, ukiugua nitakuuguza. Jina langu silitoi hapa hata kwa saa moja."

"Kumbe huna utu!" alisema Bibi Noh. Akaondoka na sahani yake.

Tangu siku hiyo hakumwitikia salamu. Mama Yeonju alimsalimu kila asubuhi, naye kila asubuhi aligeuza uso. Ilimuuma. Yeye ni mtu wa kupenda watu, na hakuzoea kuishi kama mgeni kwenye ngazi zake mwenyewe. Kuna siku alitamani akimbilie ofisi ya mtaa akalitoe tu hilo jina, asalimiwe. Hakwenda.

Miaka miwili ilipotimia, Bibi Noh aliwaita dukani. Aliwapa amana yao, yote, bila kupungua. Gapsu aliinama mara tatu kushukuru.

Bibi Noh alifunga droo taratibu.

"Nilikuchukia, wewe mwanamke," alisema. "Nilikuwa nataka ule mkopo kwa udi na uvumba. Jirani yangu wa duka la mafuta, wapangaji wake walimkubalia. Akakopa. Biashara haikwenda. Sasa nyumba imekwenda, na yeye na wapangaji wake wote wako nje. Ungenikubalia, leo ningekuwa nje kama yeye."

Mama Yeonju alisimama na bahasha mkononi. Hakufurahi kama alivyotarajia. Kwa miaka yote hii alikuwa akijiambia jambo moja ili apate kulala: nilipoteza changu, lakini angalau nilijaribu kumwokoa mtu. Sasa alimwona tena Bwana Pyo sakafuni, na mkewe akilia nyuma yake.

"Twende, mama," alisema Gapsu. "Mbona unalia, na pesa zimerudi?"

"Ningemkatalia Bwana Pyo," alisema, "leo na yeye angekuwa na nyumba."