Mikono Miwili ya Kushoto

Mwaka wa uhuru, katika msongamano wa soko la Uvira, Domitille alikanyaga kitambaa cheupe kilichoanguka chini ya mashine ya Basile, fundi cherehani.

"Ee, dada! Hiyo ni shati ya mwalimu, si njia ya Sange!"

"Nani alikuambia natoka Sange?"

"Miguu yako iko na matope ya mupunga."

Domitille alificha kicheko ndani ya kitenge chake cha manjano. Wiki iliyofuata alirudi kujifunza kushona.

"Polepole, mupenzi," Basile alimwambia kila siku, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kitambaa hakina vita na weye."

Mwaka uliofuata, Mama Louise alileta satini ya arusi ya binti yake. Basile aliikata huku macho yake yakiwa kwa Domitille. Siku ya kujaribu gauni, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Nani alikata hii?" Mama Louise alifoka mbele ya wateja.

Basile alimwonyesha Domitille kwa kidole. "Mwanafunzi wangu."

Domitille alimtazama, akangoja. Basile akainamisha uso. Basi Domitille akaondoka kurudi kwao.

Habari zilimtangulia Sange. Miaka mitatu hakuna aliyempa kitambaa. Alishona nguo zake mwenyewe, akazifumua, akazishona tena, ili vidole visisahau. Akala peke yake.

Waasi walipofika Uvira, Basile alitokea Sange kwa miguu, siku ya soko, shati limechanika begani.

"Domitille, nimekuja kukuambia ukweli."

"Mimi? Mimi nilikuwepo. Waambie hawa."

Basile aliwageukia wauza muhogo. "Wamama, gauni ya Mama Louise, miye ndiye nilikata. Nilimusingizia huyu."

"Fundi muzima!" mmoja akacheka. Wengine wakacheka pia. Basile alisimama, akavumilia. Kisha yule mama akamwekea Domitille kitenge kipya mapajani. "Unishonee, binti."

"Natorokea Burundi," Basile alinong'ona. "Twende, nikuoe."

"Miaka mitatu nilikungoja, Basile. Leo ndiyo wamenipa kitambaa."

Basile aliitika kwa kichwa, akaenda. Domitille alianza kupima, pini zimejaa mdomoni. Ghafula alitaka kumwita. Alipozitoa pini zote, wakimbizi barabarani walikuwa wamemfunika Basile.